Kukaa mkeka: namna wahudumu wa afya tunavyoweza kubebana

Alfajiri ile nilimkuta nyuma ya leba, kwenye karo la saruji, anaosha makintoshi, ile shuka ya mpira ya kitandani. Maji yaliyokuwa yakishuka yalikuwa meupe, hayana hata doa, lakini yeye aliendelea kusugua. Aliisuuza, akaianika kambani, akaishusha, akaanza upya. Huku juu maji tunayahesabu kwa ndoo, na ndoo mbili zilikuwa zimeshakwisha. Usiku huo mama mmoja alimfia mikononi kwa kutokwa damu, gari la wagonjwa likiwa bado njiani linarudi kutoka kupeleka rufaa nyingine.

Nilikuwa nimekuja kupokea zamu. Nikamwambia maneno ambayo sote tumewahi kuyasema: "Pole dada, ni mipango ya Mungu." Akaitikia ahsante, akasaini kitabu cha ripoti, akaenda kwake. Baada ya miezi miwili akapata uhamisho. Mpaka anapanda gari sikuwa nimemuuliza hata mara moja usiku ule ulikwendaje.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka 17 kazini, 11 kati ya hiyo nimeitumia katika kituo cha afya kilicho juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mkoani Mtwara. Ninachoeleza hapa ni jinsi mimi na wenzangu tulivyojifunza kukaa pamoja na kusikilizana, ili asiwepo mwingine wa kubaki peke yake karoni. Tunakuita kukaa mkeka. Jina limetoka msibani: mtu akifiwa, jirani haji na hotuba, anakuja anakaa naye mkekani. Ukitaka kuanzisha kitu hiki kwenye kituo chenu hamhitaji bajeti wala barua ya wizara. Mnahitaji watu wachache, muda unaoheshimiwa, na midomo inayofunga.

Jueni kwanza mnachobeba

Wengi wetu kila kitu tunakiita uchovu. Lakini uchovu wa zamu ya usiku huisha ukilala. Upo mwingine unaolala nao na kuamka nao. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja kuwa ni jambo linaloletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na halikuuweka kuwa ugonjwa. Limetaja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hata ukijitahidi hakuna unachofanikisha.

Hiyo ya pili ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu mwenye nayo haioni, wanaiona wenzake. Wodini inajitokeza kwenye lugha. Muuguzi aliyekuwa akiwaita wazazi "mama" na "mwanangu", siku moja unamsikia anasema, "Yule wa kitanda cha nne anajifanya." Zamani nikisikia hivyo nilijua huyu ana roho mbaya. Siku hizi namuuliza analala saa ngapi.

Ipo na hofu. Julai 2022 ulipozuka ugonjwa usiojulikana kule Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, watu wakipata homa, kuumwa kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani, sisi huku Mtwara tulipokea kila mwenye homa tukiwa tumebana pumzi. Vipimo vikaonyesha si Ebola wala Marburg. Ikatangazwa kuwa ni homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, na kati ya wagonjwa 20 waliotangazwa, watatu walikuwa wamefariki. Zilikuwa siku chache tu. Lakini katika siku hizo kuna wenzangu waliovua viatu na sare nje ya mlango na kulala mbali na watoto wao, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulikuja kuambiana miezi baadaye, tukiwa mkekani.

Anzeni wawili

Usianze na kikundi. Kikundi kikianza kabla ya watu kuaminiana kinageuka kikao, na kikao tunavyo vya kutosha. Anza na mtu mmoja.

Chagua mtu ambaye hakusimamii wala humsimamii, asiwe anakudai, asiwe shemeji yako. Si lazima awe rafiki. Jozi yangu ya kwanza alikuwa dada wa maabara ambaye kwa miaka minne tulikuwa tunasalimiana tu tukipishana koridoni. Kubalianeni mara mbili kwa wiki, dakika kumi, kabla ya kutoka zamu, na mahali pamoja pasipobadilika. Sisi tulikaa kwenye benchi la nyuma ya stoo.

Maswali yetu ni matatu na hayajabadilika tangu siku hiyo. Umelala? Umekula? Nini hakijatoka kichwani?

Mawili ya mwanzo yanaonekana madogo, lakini ndiyo mlango. Mtu akishakwambia kwamba tangu jana saa nane hajatia kitu tumboni, hapo hapo umeshapata la kumfanyia. La tatu usilisukume. Akisema "hakuna", mwambie sawa, kaa naye dakika zilizobaki. Yule dada wa maabara alinijibu "hakuna" mara tano. Mara ya sita alisema, "Kuna mtoto nilimpima damu, nikajua majibu kabla mama yake hajajua, na mama yake alikuwa ananichekea dirishani."

Kazi ya anayesikiliza ni kunyamaza vizuri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wa afya tuna hatari hiyo kuliko watu wengine, maana tumeona mengi, kwa hiyo la mwenzetu linatuonekea jepesi. Hapo ndipo yanapotoka maneno kama "bado hujazoea tu?" au "hata mimi mwaka ule yalinikuta makubwa zaidi". Mengine ya kuyaacha ni "usilie", "ungeita mapema", na "wewe ni jasiri". Ukimwambia mtu ni jasiri wakati anataka kuanguka, umemfungia njia.

Na lile langu la mipango ya Mungu. Mimi ni mtu wa dini, naswali, na naamini hivyo. Lakini nimejifunza kulisubiri neno hilo mpaka mwenyewe alitamke. Likitangulia linamaliza mazungumzo, kwa sababu nani ataendelea kulia akishaambiwa Mungu amepanga? Badala yake uliza, "Ulikuwa peke yako?" Swali hilo moja limefungua vifua vingi kuliko pole zangu zote za miaka 17. Ukishasikiliza, uliza na hili: "Nikushikie nini leo? Zamu, mtoto, au nikusikilize tu?" Wapo wanaotaka wa kuwachukulia mtoto shuleni, basi.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 umejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hilo la tatu tunalisahau. Kuna kijana wetu alichomwa na sindano iliyokwisha kutumika, akanyamaza kwa aibu, akaogopa kuonekana mzembe. Jozi yake alimwona anaosha kidole chake kwa muda mrefu mno, akamuuliza. Pale kusikiliza peke yake kusingetosha. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka kadiri inavyowezekana, na zisipite saa 72, kisha zitumike siku 28. Jozi yake alimshika mkono wakaenda pamoja kwa daktari wa zamu, akakaa naye wakati wa vipimo, na kwa siku zote 28 akamtumia ujumbe kila saa mbili usiku: "Umekunywa?" Kama kwenye kituo chenu mtafanya jambo moja tu kati ya haya ninayoandika, fanyeni hilo la kutokumwacha mtu aende peke yake.

Mkeka wenyewe

Jozi mbili tatu zikishazoeana, unganeni. Sisi tulikuwa sita. Watano mpaka wanane wanatosha; wakizidi hapo, wanaozungumza ni wale wale.

Niliposikia habari za Harare, kwamba tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi kukaa na watu kwenye mabenchi ya kliniki na kuwasikiliza wale ambao kwa Kishona wanasemwa wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nilifarijika sana. Kumbe si lazima mtu awe na digrii ya saikolojia ndipo akae na mwenzake. Lakini wale bibi wamefundishwa, na wana mtu wa kumpelekea yaliyowazidi. Yote mawili yashikeni.

Sisi tunakaa kila Jumatano ya pili na ya nne, saa kumi kasorobo alasiri, zamu ya asubuhi ikishakabidhi. Wa zamu ya jioni hawaji siku hiyo, nao wana siku yao. Tunakaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba za watumishi, mahali ambapo mgonjwa hatuoni tukicheka akadhani tunamcheka yeye. Kuna chai, kuna karanga, na msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini, mtu huchemsha akaja nayo. Chakula si pambo, maana mtu aliyeshika ming'oko ya moto ana kitu cha kutazama wakati maneno yanapokuwa mazito.

Simu zinabaki kwenye kapu. Tunaanza kwa mzunguko mfupi: kila mmoja anajibu yale maswali matatu, sentensi moja moja, bila kukatishwa. Kisha tunauliza nani ana la kuweka mkekani. Anaweka mmoja tu, wawili kwa nadra. Anasimulia mpaka amalize. Wengine hawamshauri. Wanaruhusiwa kuuliza kilichowapita masikioni, halafu kila mmoja anamwambia alichosikia: "Nimesikia ulimwita daktari mara tatu." "Nimesikia bado unaisikia sauti ya bibi yake." Utashangaa mtu anavyolegea mabega akirudishiwa maneno yake mwenyewe na watu watano. Mwisho tunamuuliza kama anataka ushauri. Mara nyingi hataki. Akitaka, tunampa.

Saa moja ya kukaa ikitimia tunafunga, hata kama bado kuna la kusema. Ugumu huo wa saa niliupinga mwanzoni, nikaona ni ukatili. Sasa nautetea. Watu wanakuja kwa sababu wanajua watatoka, na wanajua Jumatano nyingine ipo.

Neno kuhusu utani. Sisi Kusini ni watu wa utani. Mweke Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwera sehemu moja, nusu saa haipiti. Hata msibani watani wana kazi yao. Mkekani tumeuweka baada ya kufunga. Tulijaribu kuuachia tangu mwanzo, na tukagundua kila mtu akikaribia kidonda, mtani anamvusha kwa kicheko, na yeye mwenyewe anafurahi kuvushwa. Sasa tukishafunga, ndipo watani wanachukua uwanja, na kicheko cha wakati huo kinaponya kweli.

Wakubwa wa kituo tusikae nao mkekani. Hilo nililimweleza mganga mfawidhi kwa adabu, ana kwa ana, kabla hatujaanza. Nilimwambia: "Dokta, tunaomba saa moja mara mbili kwa mwezi. Hatuombi fedha. Hatutajadili uongozi wako, na hatutakuletea taarifa ya nani kasema nini." Alikaa kimya kidogo, akauliza yeye atakaa mkeka gani. Swali zuri. Viongozi nao wanabeba, tena wanabeba peke yao. Tulimshauri atafute mwenzake wa kituo kingine wanaolingana cheo, na alifanya hivyo.

Siri, na jinsi nilivyoivunja

Hapa ndipo mikeka mingi inapochanika. Mahali kama kwetu kila mtu ni ndugu wa mtu. Ukisema "yule mama wa mapacha wa juzi", umeshataja jina, umetaja na kijiji. Kwa hiyo mgonjwa hatajwi jina, mahali, wala alama yake. Tunasema "mama mmoja", "mtoto mmoja". Anayesimulia anaeleza yaliyompata yeye mwenyewe; ya ndani ya mgonjwa si mali yake kuyaanika.

Haiandikwi hata karatasi. Kundi la WhatsApp lipo, lakini kazi yake ni kusema "Mkeka upo leo" na hakuna jingine, kwa sababu sauti iliyorekodiwa inasafiri kuliko bodaboda.

Mkeka ulipofika mwezi wake wa tatu neno lilitoka. Kaka mmoja alikuwa ameeleza mkekani kwamba akiingia chumba cha upasuaji mdogo mikono inamtetemeka. Wiki iliyofuata mkewe alilisikia gulioni. Tukakaa kimya kila mmoja akimtazama mwenzake, na aliyelitoa ni mimi. Nilimwambia mume wangu usiku, kwa nia njema, kwa kuwa lilikuwa limenikaa. Yeye akamwambia dada yake, na dada yake akaenda nalo gulioni.

Nilimfuata yule kaka nyumbani kwake, nikamwambia, "Kaka yangu, ni mimi." Hakunifukuza, hakunikaribisha pia. Mkeka ukasimama miezi miwili. Tulipoanza tena, mama mmoja mtu mzima wa kliniki ya watoto, ambaye kijijini kwao ni kungwi, ndiye aliyetupa kipimo tunachokitumia mpaka leo. Alisema sote hapa tumepita jandoni na unyagoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyatoa ya kule. "Kwa hiyo kufunga mdomo mnajua. Mliona tu hapa si mahali pa heshima kama kule." Tangu hapo kila mgeni wa mkeka anaambiwa maneno hayo kabla hajakaa.

Nilichojifunza mimi ni kwamba anayesikiliza naye anahitaji pa kutua, la sivyo atatua vibaya. Sasa tuna utaratibu: ukiona la mwenzako limekukaa, unamrudia mmoja wa mkeka ule ule, si mtu wa nyumbani.

Siri ina mpaka mmoja, na unatangazwa siku ya kwanza: maisha ya mtu yakiwa hatarini, yake au ya mgonjwa, tutatafuta msaada, na tutamwambia mwenyewe kabla ya kufanya hivyo.

Siku ya kifo

Kama mngekuwa na muda wa kujizoeza jambo moja tu, ningesema jizoezeni hili.

Mama akifariki, au mtoto, au mambo yakiharibika mezani, mtu mmoja aondoke kwenye shughuli awe wa mhudumu aliyekuwa mstari wa mbele. Mmoja tu, aliyepangwa mapema, jina lake liko ukutani kama jina la daktari wa wito. Kazi yake: kumtoa chumbani, kumpa maji ya kunywa, kumtafutia kanga au shati safi, maana kukaa na damu ya marehemu kwenye nguo kwa saa sita kunamaliza mtu. Kama ni yeye anayepaswa kuzungumza na ndugu, asiende peke yake. Kumbukumbu za mgonjwa aandike mwenyewe, kama ilivyokuwa, wewe ukiwa umekaa pembeni. Kumsaidia si kumpangia maneno. Zamu ikiisha, asirudi nyumbani peke yake.

Na usimlazimishe kusimulia. Palikuwa na mtindo wa kuwakusanya watu mara tu baada ya tukio na kumtaka kila mmoja aeleze alichoona na alichohisi. Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo kama kinga dhidi ya athari za baadaye, na kwa niliyoyaona nakubaliana nalo kabisa. Wapo wanaotaka kusema usiku huo huo. Wengine wanataka kulala. Mwulize, kisha ufuate anachotaka. Siku ya tatu mwulize tena. Wiki ya pili mwulize tena, kwa sababu hapo ndipo watu wote wameshasahau na yeye ndiyo kwanza ameanza kuota.

Kikao cha kupitia vifo kitakuja, na ni lazima kije. Akina mama wengine wanaokolewa na majibu yake. Mkeka usikiingilie. Kule tunauliza nini kilitokea na nini kibadilike. Mkekani tunauliza wewe uko wapi. Mtu akitumia ya mkekani kumshtaki mwenzake kikaoni, au akitumia mkeka kujificha asijibu kikaoni, vyote viwili vimekufa. Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika kwamba kosa la tiba likitokea mgonjwa ndiye mwathirika wa kwanza na mhudumu ni wa pili. Kuyajua hayo kulinisaidia kutojiona wa ajabu. Lakini mbele ya ndugu wa marehemu siyatamki. Wao wamefiwa.

Wale tunaowasahau

Mkeka wetu ulikuwa wa wauguzi na matabibu mpaka siku moja dereva wa gari la wagonjwa alipopita akasalimia, na yule dada wa maabara akamwambia, "Kaka, karibu chai." Akakaa pembeni kabisa, nusu mkekani nusu mchangani. Mzunguko ulipomfikia akajibu ya kulala na ya kula. La tatu akatazama kikombe. Akasema, "Mimi huwa nasikia pumzi inabadilika nyuma yangu. Nyie mko naye, mna la kufanya. Mimi siruhusiwi hata kugeuka. Naangalia barabara."

Miaka tisa alikuwa anaendesha gari lile, akishuka Masasi, akienda Ndanda, akienda mpaka Ligula, hospitali ya mkoa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu hapo mkeka ni wa dereva, mama wa usafi anayedeki ile damu, mlinzi anayezuia ndugu mlangoni, na kijana wa mapokezi anayetukanwa tangu saa moja asubuhi. Vyeo vinabaki kwenye kiti cha ofisi.

Pale mkeka usipotosha

Sisi si waganga wa akili za wenzetu. Mtu asiyelala wiki mbili mfululizo, anayekunywa kabla ya zamu, anayejichukulia dawa za usingizi kabatini, anayeona picha za tukio lile kana kwamba linatokea sasa, au anayesema dunia ingekuwa afadhali bila yeye, huyo anahitaji mtaalamu. Hilo la mwisho muulize waziwazi: "Umewaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo, kunampa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda chooni, toeni vinavyoweza kumdhuru, na mwende naye siku hiyo hiyo.

Kumwona mtaalamu kwenye kituo chako mwenyewe kunatisha, faili lako linapita mikononi mwa wenzako. Basi muende mbali. Hospitali ya wilaya nyingine, au ya mkoa, na mmoja wenu amsindikize na kuchangia nauli. Sisi tunaweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi, kama tunavyofanya kwenye vikoba, na fedha hizo hazina kazi nyingine. Na tusiandikiane dawa za mfadhaiko kwa mlango wa nyuma. Mficha uchi hazai. Sisi wakunga ndio tunaowaambia wengine hivyo kila siku.

Yapo pia ambayo hayahitaji mtaalamu wala mkeka, yanahitaji ofisi. Muuguzi kubaki mmoja usiku wodi mbili si tatizo la moyo wake. Hayo tunayahesabu. Mwaka jana tulipeleka kwa mganga mfawidhi karatasi yenye mstari mmoja: mwezi huu zamu 11 za usiku muuguzi alikuwa mmoja. Bila jina, bila kilio. Zilipungua mpaka nne. Zisingepungua tungekwenda TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi, ndiyo kazi ya chama.

Aliye peke yake zahanati

Kuna anayesoma haya yuko zahanati, yeye na mhudumu mmoja, hana wa kukaa naye mkeka. Wewe jozi yako ni ya simu. Nina mwenzangu wa hivyo, yuko bondeni upande wa mto Ruvuma. Jumapili saa kumi napiga mimi, Alhamisi anapiga yeye. Maswali ni yale yale matatu. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada ikianza, sote tuna mashamba na muda unabana, lakini dakika kumi hazikosi. Mara nyingine nasikia korosho zinaanguka kapuni wakati anazungumza. Tumekubaliana nikimkosa mara mbili mfululizo simsubiri wiki ya tatu. Nampigia kijana wa bodaboda anayemfahamu, namtumia nauli, apite zahanati amwone kwa macho, kisha ampe simu yake aongee na mimi.